Vitufe Kwenye Mabano

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Mzee Christopha, mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima, amenikabidhi kazi nzito: niandike karatasi ya kuelekeza jinsi ya kuagiza mbegu za mahindi kwa simu. Mwisho wa kuagiza ni Ijumaa. Asiyeagiza hapati. Leonia, karani wetu, akashauri tuchore vitufe vyenyewe. Nikamjibu kwamba michoro ni ya chekechea. Nimebuni alama za kitaalamu: kila kitufe kwenye mabano, katikati alama ya kujumlisha, maana yake "kisha". Hivi: [NYOTA]+[4]+[4]+[RELI]. Cheo cha Afisa Mawasiliano kinaninukia.

Jumanne, 7 Oktoba
Karatasi mia mbili zimesambazwa. Maagizo yaliyoingia: hakuna. Nalaumu mtandao.

Jumatano, 8 Oktoba
Mama Bertilla amekuja kutoka Mpui, simu yake ya kitochi mkononi. Nikamwamkia. Akasema tangu jana anatafuta kitufe cha mabano. Cha kujumlisha alikipata, kwa kuikandamiza sifuri. NYOTA kaiandika herufi kwa herufi. Nikamweleza taratibu kwamba mabano hayabonyezwi.

"Sasa mwanangu, kama hayabonyezwi, umeyaandika ya nini?"

Leonia akainamia meza, mabega yakitikisika kwa kicheko. Mama Bertilla ana ekari mbili zimeshalimwa na wajukuu watano wa kulisha. Nikamwahidi suluhisho.

Alhamisi, 9 Oktoba
Suluhisho: karatasi ya pili, inayoeleza alama za karatasi ya kwanza. Ili zisichanganywe, hii ina mabano mawilimawili. Mzee Benjamini, mkulima mwingine, kapiga simu kuuliza kama sasa abonyeze mara mbili. Nikamuaga kwa heshima.

Ijumaa, 10 Oktoba
Leonia, bila kuniuliza, kachora vitufe vinne kama vilivyo kwenye simu, na mshale kati ya kimoja na kingine. Kapiga picha, kawatumia wenyeviti wa vijiji wabandike milangoni. Hadi jioni, maagizo 183. Mama Bertilla alikuwa wa kwanza. Alinipigia kunishukuru, akidhani mchoro ni wangu. Sikumkatisha.

Jumamosi, 11 Oktoba
Leonia kapewa cheo kile cha Afisa Mawasiliano. Mimi nimepewa kazi ya kutoa nakala za mchoro wake. Nimeukagua kwa makini. Mshale haujaelezwa popote! Mkulima atajuaje kwamba nao si kitufe? Nimeanza mwongozo wa kuusoma, kurasa sita. Kila mshale nimeuwekea nyota ndogo, na maelezo yake chini ya ukurasa. Hapo hakuna wa kupotea.