Ngolo Zilizoanza Kuita

Jumatano, 11 Machi

Mkutano wa kitongoji. Nimeshinda! Karibu nishinde. Nieleze.

Hoja: nani aondoe chupa za plastiki majumbani. Romanus, jirani yangu, anataka shimo moja la watu wote, na pikipiki ya matairi matatu ipite nyumba kwa nyumba kuchukua mzigo hadi kwa mnunuzi wa chupa, Mbinga mjini. Nikasimama. Nikaeleza kwa upole, kama nilivyoeleza darasani miaka yote, kwamba taka ni kama dhambi. Kila mtu huungama zake. Hakuna anayeungamiwa na jirani. Kwa hiyo kila kaya ichambue zake, ikusanye zake, ibebe zake. Wengi wakaguna kwa heshima.

Romanus akaniamkia kwanza. Shikamoo, Mwalimu. Kisha akauliza mbele ya watu wote kama zile chupa zilizo nyuma ya jiko langu zimekwisha kuungama. Kicheko! Huyu nilimfundisha darasa la nne. Kugawanya kulimshinda kabisa.

Uamuzi: Jumatatu ya Pasaka kamati ipite nyumbani kwangu. Ikikuta kaya yangu imejisafisha yenyewe, kanuni yangu inapita, nami nakuwa mwenyekiti wa mazingira. Ikikuta vinginevyo, uenyekiti ni wa Romanus. Romanus! Mwenyekiti!

Alhamisi, 12 Machi

Nimeziangalia chupa. Ni nyingi. Nieleze: tumbo langu linataka kinywaji cha tangawizi, na tumbo ni la siku nyingi. Thabiti wa dukani huniletea kutoka mjini. Gertruda, mke wangu, amesema jambo ni jepesi: gunia, kichwa, barabara. Nikamwuliza kama anataka mumewe apite mbele ya wanafunzi wake wa zamani kama mwokota makopo. Akasema ndiyo, angependa sana kuona.

Haiwezekani. Kanuni inasema kila kaya iondoe taka zake. Haikusema ziende wapi.

Jumamosi, 14 Machi

Wazo! Na si wazo langu tu, ni la mababu.

Kwa atakayesoma haya nikiwa sipo, nieleze ngolo. Mwanamume hufyeka nyasi, akazilaza shambani kwa mistari inayokatana, hadi mteremko mzima unakuwa miraba. Mwanamke huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi. Linabaki shimo la kunasa mvua, na tuta kulizunguka pande zote. Juu ya tuta, maharage. Ndani ya tuta, nyasi zinaoza na kuwa chakula. Wamatengo tumelima hivi tangu zamani sana, na hakuna mwanamke aliyewahi kuinua nyasi aone mumewe ameweka nini chini.

Leo nimelaza nyasi mwenyewe. Chini ya nyasi, chupa. Zimelala kichwa kwa miguu, kama wanafunzi wa bweni. Zote hazina vizibo, maana vizibo nilishawapa watoto wa darasa la kwanza wahesabie. Nani basi anasema sirudishi vitu kwenye matumizi?

Ukungu mzito. Wakati wote nilihisi mtu amesimama juu ya mteremko, upande wa kaburi la mama mkwe. Nikamwamkia. Kimya. Ukungu ulipopungua nikaona ni kisiki. Sikumbuki kuwa kulikuwa na kisiki pale.

Jumanne, 17 Machi

Wanawake wamekuja kufukia. Hulima kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Gertruda ameshika jembe la marehemu mama yake, Kunigunda, ambaye shamba hili lilikuwa lake. Mama mkwe alikuwa na njia yake ya kuwakusanya wenzake kwenye ukungu. Alikunja viganja viwili na kupuliza katikati. Sauti nene, ya chini, inayofika hadi bonde la pili. Wenzake waliigiza, hawakuweza. Leo pia walijaribu, wakacheka, wakatoa sauti za bata.

Jembe likagonga kitu. Likatoa mlio wa tumbo tupu. Gertruda akasimama. Nikasema ni jiwe. Akasema shamba la mama halina mawe. Nikaeleza jinsi mawe yanavyopanda taratibu kutoka chini ya ardhi. Nikaeleza kwa kirefu. Akafukia ili ninyamaze.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua wiki nzima. Maharage yameota vizuri. Asubuhi hii mvua ikakatika, upepo ukapanda kutoka upande wa Ziwa.

Gertruda amerudi kutoka shambani mikono mitupu. Jembe ameliacha huko. Jambo hilo sijapata kuliona. Amekaa jikoni bila kuwasha moto. Amesema mama anaita.

Nikaeleza habari za upepo na masikio. Akasema, Baba Clemence, mimi sauti ya mama yangu naijua.

Mchana nikaenda kuchunguza, kama msomi. Ukungu haujaondoka. Nikasimama katikati ya ngolo. Kimya. Kisha ikaanza. Haikutoka juu, ilitoka chini, karibu na kifundo cha mguu wangu. Uuuu. Ikanyamaza. Ikajibiwa na nyingine mbele kidogo. Halafu kushoto. Halafu mteremko mzima, moja ikipokea nyingine, kama wanawake wanaopeana habari ya msiba kutoka nyumba hadi nyumba.

Nikarudi nyumbani. Sikukimbia. Mwalimu hakimbii. Kiatu kimoja kimebaki huko.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Aibu. Hofu. Aibu tena.

Njia ya Msalaba hupanda kilima na kupita pembeni mwa shamba letu. Kituo cha kumi na mbili, Yesu anakufa msalabani, ndipo hapo hasa. Ildefonsi, katekista wetu, akasoma. Watu wote wakapiga magoti kwenye tope. Ule ukimya ambao hata watoto wanauogopa.

Upepo ukaja. Na shamba likaita.

Hakuna aliyeinua kichwa. Niliziona shingo zao zikikakamaa. Ildefonsi alitafuta mstari kwa kidole na hakuupata. Sauti ikapanda, ikashuka, ikazunguka nyuma yetu. Ndipo Gertruda akasimama katikati ya watu waliopiga magoti, akageukia shambani, akaitika, kwa sauti ya msichana mdogo aliyetumwa maji: Abee, mama!

Ikanyamaza pale pale.

Vituo viwili vya mwisho vilisaliwa haraka sana.

Jumamosi Kuu, 4 Aprili

Nimefuata kiatu. Nimegundua!

Nieleze. Mvua imekula kuta za ngolo. Katika kila shimo, midomo ya chupa imechungulia kutoka kwenye tuta. Upepo ukipita juu ya mdomo wa chupa isiyo na kizibo, chupa huita. Mtoto yeyote anajua. Nilicheka peke yangu. Kicheko changu kikarudi kutoka ndani ya mashimo kikiwa kimebadilika kidogo. Nikaacha kucheka.

Sentensi moja tu kwa Gertruda ingetosha. Hajala tangu jana. Amesema mama yake hana raha, na huenda anakasirika kwamba shamba lake linalimwa na watu wasioweza kumwita. Amesema atalirudisha kwa ukoo, na sisi tutanunua maharage kama watu wa mjini. Wanawake wenzake wamekataa kuja kupalilia. Na Gertruda bila shamba lile, sijui ni nani. Nadhani hata yeye hajui.

Sentensi moja. Lakini kamati inakuja Jumatatu.

Nimeamua: tope. Nimepiga magoti na kuziba midomo, mmoja baada ya mwingine. Kadiri nilivyoziba, sauti zilizobaki zikawa nyembamba zaidi. Mwishoni ilikuwa kama watoto wanaopumua wakiwa wamejificha. Kisha nazo zikaisha.

Nilipoinuka nikasikia moja bado. Nene. Ya chini. Nikaitafuta. Nikipiga magoti inanyamaza. Nikisimama inaanza. Nimelaza sikio kwenye udongo. Udongo ulikuwa na joto. Nikaondoka na viatu vyote viwili.

Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili

Kamati imefika. Nyuma ya jiko: peupe, pamefagiliwa. Wakashangaa. Wakapiga makofi! Nikatoa maelezo mafupi kuhusu wajibu wa mtu binafsi. Nilikuwa bado kwenye utangulizi upepo ulipoanza.

Tope lilikuwa limekauka na kudondoka. Lote.

Romanus akasema, Mwalimu, kwa heshima zote, shamba lako linachangia hoja. Akashuka. Wote wakamfuata, hata wale wenye hofu, maana kuogopa peke yako ni kubaya zaidi. Thabiti wa dukani naye ni mjumbe. Akachomeka fimbo kwenye tuta, pale palipolia. Akavuta. Ikatoka chupa, lebo yake ya kijani imeshika vizuri kabisa. Kiwanda kile kina gundi nzuri.

Thabiti akaigeuza. Akasema hii ni ya Mwalimu. Kinywaji hiki anakiagiza kwa ajili ya Mwalimu peke yake, wateja wengine wanasema kinaunguza koo. Akavuta ya pili. Akasema na hii ni ya Mwalimu. Nikamwambia inatosha, tumeelewa. Akavuta ya tatu.

Nikaeleza kwamba, ukitazama vizuri, kaya imeshughulikia taka zake yenyewe, ndani ya mipaka yake yenyewe, bila kumsumbua jirani. Hakuna aliyeguna.

Gertruda alikuwa anatazama matuta. Akasema pole pole kwamba alizifukia yeye. Kwa jembe la mama. Akasema hakuniuliza chini ya nyasi kuna nini kwa sababu mwanamke haulizi. Kisha akarudi nyumbani. Niliona heri angenitukana.

Ndipo Romanus akatoa pigo lake. Akasema ameongoka! Mwalimu amesema kweli, kila mtu abebe zake, na aanze Mwalimu, kichwani, barabara kuu, mchana. Mikono yote ikapanda juu. Kwa hiyo kanuni yangu imepita bila kupingwa. Mwenyekiti ni Romanus.

Alhamisi, 9 Aprili

Tumefukua siku nzima. Mimi navuta, Gertruda anarudisha udongo na kupanda upya maharage yaliyong'oka. Hasemi nami. Romanus akaja na wanawe kusaidia, akaniamkia, na akawa anaishikilia kila chupa mbele ya uso wangu akiuliza kama hii nayo tayari imeungama.

Nimebeba magunia hadi barabarani. Wanafunzi wangu wa zamani walijipanga. Mmoja akanipokea gunia moja. Sikumwomba. Nilimshukuru, nikamweleza kanuni, akanirudishia.

Shambani hakuna chupa tena. Nimepekua kila tuta kwa mkono. Hakuna.

Jumamosi, 11 Aprili

Asubuhi, ukungu. Upepo hakuna kabisa, hata jani la mgomba limetulia. Sauti nene imeita kutoka shambani.

Gertruda alikuwa anachota unga. Akasikiliza. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu kabla ya Jumapili ya Matawi. Akasema zile nyingine zilikuwa chupa, hilo amekubali. Hii ni ya mama. Hana shida yoyote, anaita watu kazini tu. Akaweka unga chini, akatoka kwenda kupalilia. Nikaona wanawake wenzake wakipita kwenye ukungu na majembe begani, mmoja mmoja, bila kuulizana. Shamba harudishi. Mungu asifiwe.

Nimejaribu kulieleza jambo hili. Nimeanza mara kadhaa. Nitalieleza siku nyingine.

Kuna jambo la haraka zaidi. Romanus, kama mwenyekiti, ametangaza kwamba baada ya chupa zinafuata betri kuukuu za tochi na redio. Kila kaya na zake, kichwani, barabara kuu. Mimi ni msikilizaji wa redio wa siku nyingi. Nina ndoo nzima. Lakini safari hii nimefikiri kisayansi. Kosa lilikuwa wapi? Kosa lilikuwa mdomo. Betri haina mdomo. Upepo upite utakavyo, betri haiwezi kuita mtu.

Nimechagua chini ya mibuni ya kahawa, mahali ambapo majani makavu ni mengi. Watu wote wako shambani. Jembe langu halina mpini, nimechukua la mama mkwe, ambalo Gertruda ameliacha mlangoni, maana kupalilia ameenda na jembe dogo.

Nilipopiga jembe la tatu, sauti ikaita tena. Haikutoka shambani. Ilitoka nyuma yangu, karibu, kama mtu aliyekunja viganja. Na safari hii ilikuwa na jina ndani yake.

Mimi ni msomi. Siitikii upepo. Nimeitika kwa sauti ndogo tu, naam, mama, ili yaishe.

Kisha nikaendelea kuchimba.