Hatua Elfu Kumi za Mapafu

Mapafu alipewa jina hilo kwa wingi wa maneno, wala si kwa mbio. Mara ya mwisho kukimbia alikuwa anamkimbia mwenye nyumba. Lakini siku moja aliona tangazo kwenye ukuta wa zahanati: watu watembee hatua elfu kumi kila siku, mwezi mzima, kuchangisha fedha za wagonjwa wa kusahau. Akalisoma mara mbili, akatabasamu.

"Kuna ugonjwa mzuri kama huu?" alijisemea. "Unamlia mgonjwa hela zake leo, kesho hakukumbuki."

Mungu alisikia, akanyamaza. Mara nyingi hufanya hivyo, ili mtu amalize kusema.

Moja kwa moja Mapafu akaenda kwa jirani yake, fundi cherehani. Mama huyu alishona mguu ukiwa kwenye pedali na jicho likiwa mlangoni, maana mama yake mzazi alikuwa na ugonjwa huohuo, na wiki ile alishapotea mara mbili. Alichohitaji ni kimoja tu: mtu wa kukaa na mama mchana.

"Dada, simu yangu hii inahesabu hatua," Mapafu alisema, akiinama kumfunga simu kifundoni mwa mguu kwa kipande cha kitambaa. "Wewe kanyaga pedali kama kawaida. Michango ikiingia, mlezi wa mama nakuletea."

"Na wewe utafanya nini?"

"Mimi nitachoka."

Akachoka kweli. Kila asubuhi alilala kwenye benchi nyuma ya pazia la kupimia nguo. Saa sita anajimwagia maji kifuani, anatoka akihema, anapigwa picha. Simu yenyewe ilituma hesabu kwenye kundi la wachangiaji, na michango ikaingia humohumo. Mwenye bucha alichanga, kisha akauliza kama jina lake limeonekana. Mwenye duka la saruji alipoona limeonekana, akachanga mara mbili yake. Hakuna aliyeuliza hata mgonjwa mmoja anaendeleaje.

Siku ya ishirini na tisa fundi akauliza, "Kaka, mlezi yuko wapi?"

"Haraka ya nini, dada? Mama mwenyewe hajalalamika." Akazama nyuma ya pazia.

Ndipo simu ikatetemeka kifundoni. Fundi akainama, akasoma. Ujumbe wa kampuni ya mabasi: kesho saa nane mchana, kiti kimoja, kwenda tu.

Akarudisha mguu kwenye pedali. Kesho yake alianza kushona sare za kwaya tangu alfajiri, hakuinuka hata kunywa maji. Ilipofika saa sita na nusu, hesabu ilisoma hatua elfu sitini. Kundi likawaka moto.

"Elfu sitini! Huyu si mtu, ni trekta!"

Fundi akawaandikia kwenye kundi kwa simu yake: Yuko kwangu anapumzika, njooni mumpongeze.

Wakamkuta Mapafu mlangoni, begi begani, amekuja kuchukua simu. Mwenye bucha hakuwa amevua hata aproni. Nesi wa zahanati naye alikuwepo.

"Jamani," fundi akapaza sauti, "kaka leo anamkabidhi nesi michango yote, zahanati iweke walezi wa mchana!" Akimpa Mapafu simu, akamnong'oneza: "Au niwaonyeshe mguu uliotembea?"

Mapafu akatazama umati. Akatazama mikono ya mwenye bucha. Akabonyeza namba ya siri, na simu ya nesi ikalia: fedha zimeingia. Mwenye saruji akafuta machozi, akahakikisha amepigwa picha akiyafuta.

"Mwezi ujao tunarudia!" mwenye bucha akanguruma. "Na safari hii tunakimbia naye sote! Raba namnunulia mimi!"

Basi likaondoka na kiti kimoja kitupu.

Mwezi ulipoanza, Mapafu akapita mbele ya duka la fundi ulimi nje, umati ukimsukuma kwa nyimbo. Mama wa fundi alikuwa amekaa kivulini na mlezi wake, wakikunja mabaki ya vitambaa.

"Yule anakimbilia wapi?" akauliza.

"Anawachangia wagonjwa, mama," mlezi akajibu.

Bibi akamsindikiza kwa macho mpaka akapinda kona.

"Maskini," akasema. "Mshikeni mkono. Kasahau kwao."