Firigisi ya Mzee Alute

Jumatatu, 4 Agosti

Mambo yananinyookea! Mzee Alute wa Unyambwa, baba yake Theodora, amenikabidhi kompyuta yake ya kale. Nyimbo zote alizoitungia kwaya zimo humo, na Jumapili ni jubilei ya kwaya. Haiwaki. Kasema ikifufuka, mshenga anakaribishwa nyumbani kwake. Mshenga! Nikamwambia kompyuta nazijua tangu utotoni. (Nilikuwa naziona dirishani.) Theodora akashauri tumwite Peniel, fundi simu wa mjini. Nilicheka sana. Yule abaki na vioo vyake vya simu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeifungua, barazani kwa Mzee. Diski mbili, na kadi ya kuziendesha yenye miiba midogo. Miiba inavalishwa vikofia vya plastiki, jampa, ili kadi ijue diski ipi ni kaka mkubwa na ipi mdogo wake. Rahisi! Yenye nyimbo ni ya zamani zaidi, basi ukubwa ni wake. Heshima kwanza. Nikawasha. Kioo cheusi tii. Nikazivua jampa nianze upya, moja ikadondoka uani. Jogoo wa Mama Theodora akaidaka. Akameza! Nilimkimbiza hadi kwa jirani. Mama Theodora akauliza kulikoni. Nikasema nafanya mazoezi.

Alhamisi, 7 Agosti

Akili yangu inanitisha! Jampa ya namna ile haipatikani Singida nzima, ila kitu kigumu akimeza kuku huishia kwenye firigisi. Basi jogoo achinjwe! Nikamsifia Mama Theodora jinsi jogoo alivyonona, huku nameza mate kwa sauti. Akaelewa. Kesho nakula kwao. Theodora kamwalika na Peniel, eti anisaidie kunyanyua kompyuta. Ana huruma binti huyu!

Ijumaa, 8 Agosti

Loo! Nilisahau kabisa kwamba firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Ikawekwa kwenye sahani ya Mzee Alute. Ningefanyaje? Nikamwomba anipe. Firigisi! Ya baba mkwe mtarajiwa! Mama Theodora akajifunika uso kwa kanga. Mzee akafoka kwa Kinyaturu. Mimi Mnyiramba, namshukuru Mungu sikuelewa yote. Akaitupia mdomoni nzima kwa hasira. Kacha! Akatema kipande cha jino na jampa yangu. Nikashangilia. Peke yangu.

Theodora ndiye aliyeisafisha ile firigisi, lakini Peniel alikuwa jikoni anamchekesha, wala hakuangalia anachofanya. Kosa la Peniel, kwa hiyo.

Peniel akaiosha jampa, akaipa ukubwa diski changa, eti ndiyo inayoiamsha kompyuta. Adabu gani hiyo? Ikawaka! Nyimbo zote zipo. Nikampa Mzee hongera kwa kazi yangu.

Jumapili, 10 Agosti

Jubilei imefana! Kwaya imeimba mpaka akina mama wakaacha viti. Mzee Alute, na pengo lake, alikuwa anacheka. Akatangaza mbele ya watu kwamba ahadi ni ahadi, mshenga na aje. Hakusema wa nani, lakini iko wazi.

Na mshenga nimeshampata: Peniel! Mzee anamsikiliza, na njia ya kwao anaijua hata gizani. Nilipomwambia Theodora alicheka mpaka machozi. Machozi ya furaha, maskini. Peniel naye hakukataa. Kaomba tu nimwazime suti yangu. Nimempa, na viatu juu.