Mvua Niliyowaombea Watu wa Zambia

Jumatatu, 14 Julai

Baridi kali. Mwanangu Peace ameota jino la pili. Ashukuriwe Mungu kwa yote mawili.

Habari kubwa: Jumapili ni Sikukuu ya Mavuno, na jumuiya yetu itatoa mwanamke mmoja wa kuongoza maombi ya taifa na dunia. Kwa kipaza sauti! Mama Dorika, mzee wetu wa kanisa, amesema atamchagua mtu anayefuatilia habari za dunia na mwenye moyo wa unyenyekevu. Atatuangalia keshokutwa kwenye jumuiya.

Mama yangu anakuja sikukuu kutoka Wanging'ombe. Hajawahi kunisikia nikisema mbele za watu. Niliishia darasa la saba, na hata shairi la kuagana alipewa mwingine. Lazima niwe mimi.

Unyenyekevu ninao mwingi. Kilichopungua ni habari. Simu huenda na mume wangu Edson kwenye kazi yake ya mbao, na redio imekufa. Nimewaza, nimepata. Jirani yetu Dada Lidia anafungia maandazi anayouza kwenye gazeti! Nimenunua sita, nimeomba kila moja lifungwe peke yake. Akaniuliza kama nina wageni sita. Nikasema ni usafi tu.

Nimesoma hadi mafuta yalipoziba maandishi. Zambia hakuna mvua! Mahindi yanakauka yakiwa yamefika magotini. Kuna picha ya mama na mtoto mgongoni, shamba lote kama karatasi. Nikamtazama Peace, nikalia kweli. Nikala maandazi manne kwa huzuni.

Jumanne, 15 Julai

Nimefanya mazoezi ya maombi bandani. Kuku wametulia sana. Jogoo alitoka katikati, lakini huyo hata zamani hakuwa wa kiroho.

Wifi yangu Oliva alikuja kuazima chekecho. Oliva ni dada yake Edson, naye anaitaka nafasi ile ile ingawa anajifanya haitaki. Simu yake ina bando la wiki nzima! Akauliza nilikuwa naongea na nani. Nikasema na Bwana. Akasema mbona Bwana anajibu kwa kutetea kama kuku.

Nimempa chekecho. Kibovu.

Jumatano, 16 Julai

Jumuiya imefanyika kwa Mama Dorika saa kumi na mbili asubuhi. Sijui niandikeje.

Niliacha kiti, nikakaa chini kwenye saruji, ili unyenyekevu uonekane. Saruji ya Julai! Mara Oliva naye akaacha kiti, akakaa chini, tena karibu na mlango upepo unapoingilia. Nikasogea kizingitini. Akaniruka, akakaa barazani. Ningefanyaje? Nikahamia uani, karibu na turubai la mahindi. Wimbo wa pili tuliuimbia nje wote wawili, tukitetemeka na mbwa. Mama Dorika akatoka kuuliza kama tumegombana na nyumba yake.

Tukarudi ndani. Zamu yangu ikafika. Nikaomba! Nikawataja watu wa Zambia, nikamtaja yule mama wa kwenye picha ya gazeti, nikasema Bwana fungua madirisha ya mbinguni, mvua inyeshe, inyeshe leo, isichague shamba, Baba usiizuie kwa mtu yeyote! Machozi yananitoka.

Hakuna aliyesema amina. Ni Peace tu aliyesema ba.

Nilipofumbua macho wanawake wote walikuwa wanatazama uani. Mahindi ya Mama Dorika. Mahindi ya mji wetu wote wa Makambako yapo nje yanakaushwa, na mimi naita mvua.

Tukitoka Oliva akaniuliza, Wifi, lile gazeti lako ni la lini? Nikasema habari ni habari. Jioni Edson akageuza ile karatasi. Nyuma kuna tangazo la duka la magodoro: Heri ya Pasaka. Na hatujui hata ni Pasaka ya mwaka gani! Edson amecheka mpaka ameangukia kwenye kuni.

Alhamisi, 17 Julai

IMENYESHA.

Saa tatu asubuhi. Si manyunyu ya baridi tuliyoyazoea, ni mvua yenyewe, ya kupiga bati! Nilirukaruka na Peace. Amesikia! Mimi, Eveline, wa darasa la saba!

Ndipo nikasikia majirani. Makelele, ndoo, maturubai yanaburutwa. Dada Lidia akapaza sauti juu ya ua: "Mama Peace! Hebu izime mvua yako!"

Naungama hapa kwa sababu hakuna anayesoma: hata nilipotukanwa nilijisikia mrefu.

Kisha nikamkumbuka Mama Dorika. Mjane, mgongo mbovu, yuko peke yake na mahindi ya mwaka mzima. Nikamfunga Peace mgongoni, nikakimbia bila viatu. Oliva alikuwa amefika, amelowa chapachapa, anavuta turubai upande mmoja. Nikashika upande wa pili. Tulibeba mpaka chumba kikajaa, kitanda kikajaa, na Mama Dorika mwenyewe akakosa pa kukaa, akasimama mlangoni akitubariki na kutugombeza kwa Kibena kwa pamoja.

Ijumaa, 18 Julai

Jua! Tumeshinda kwa Mama Dorika tukianika upya na kuchambua yaliyolowa. Oliva ameniomba nisiombee kitu chochote, hata chakula, hadi mahindi yakauke. Nikamwambia anyamaze asije akapigwa na radi. Tukacheka mpaka Peace akaamka. Sikujua kuwa wifi yangu akicheka anakoroma kama nguruwe. Nimempenda.

Njiani watoto wananiita Mama Mvua. Nami naitikia.

Adhuhuri redio ya Mama Dorika ikatangaza kuwa mvua zisizo za msimu zimenyesha nyanda za juu, na watu wa hali ya hewa walikuwa wametahadharisha tangu Jumanne. Jumanne! Mimi nimeomba Jumatano! Nikainamia mahindi niliyokuwa nachambua.

Mama Dorika akaona. Akasema, "Mwanangu, moyo unao. Lakini Mungu ana habari za leo, usimsomee za zamani. Na ukimwomba, hana haja ya kukuona umekaa wapi."

Imeniingia. Nimeamua kubadilika kabisa. Nikamuuliza kama kubadilika huko kunahesabika kwa Jumapili. Akaniambia nigeuze mahindi.

Jumapili, 20 Julai

Kanisa limejaa maboga, kuku, ndizi na mbuzi mmoja. Mama yangu amefika, kavaa kitenge kipya, kampakata Peace kiti cha tatu.

Limetajwa jina la Oliva.

Nikamtazama mama yangu, naye alikuwa ananitazama mimi tu. Oliva akasimama, karatasi kaishika juu chini. Maskini, aliogopa! Nikamnyanyulia kidole gumba. Akaikunja karatasi. Akawaombea walio kwenye vita, wanaoongoza nchi, walioloweshewa mahindi, na waliokimbia kuwasaidia. Mwisho akasema, "Na mbariki wifi yangu, anayeipenda dunia nzima hata kama habari zake zinamchelewea." Kanisa zima likacheka, likasema amina, amina kubwa ya kutikisa bati. Mimi ndiye niliyepaza zaidi. Nililia, na safari hii bila kuchungulia nani ananiona.

Nje kwenye mnada wa mavuno mama yangu alinishika shavu. Mama Dorika alishamsimulia nilivyobeba mahindi na mtoto mgongoni. Akasema hilo kalisikia vizuri, bila kipaza sauti.

Sasa Edson amelala, Peace amelala, na mimi natafakari siku hii kwa utulivu. Nimepata uhakika mmoja. Kumshangilia mwenzako aliyechukua nafasi yako, bila kinyongo hata chembe, ni unyenyekevu wa juu sana. Nimechunguza moyo wangu kwa haki: leo kanisani hapakuwa na mtu mnyenyekevu kunizidi.

Ubaya ni kwamba hakuna aliyegundua. Itabidi niwaambie mmoja mmoja. Kesho naanzia mtaa wa Lyamkena.