Dawa ya Sikio na Wanga wa Halua

Jumatatu, 8 Septemba
Sikio la Sahla limevimba ndani. Daktari kasema dawa siku saba, asubuhi, mchana na jioni, bila kuruka. Na Ijumaa ni maulidi ya madrasa. Mwanangu ndiye atakayeanzisha kasida. Miaka minne tu. Lazima apone. Tatizo: dawa nzito kama uji, anaitema. Wifi yangu Rufaida kasema wanawe hawatemi dawa. Wanawe hawatemi chochote, ndiyo maana wako vile.
Nimepata njia. Chupa nzima nimeizimua kwa sharubati ya ukwaju. Sahla kanywa, akaomba tena. Akili ninayo.

Jumatano, 10 Septemba
Homa iko palepale. Usingizi kaupatia shingoni mwangu, maskini. Chini ya chupa chenga tupu, kama mchanga. Nimetikisa mpaka mkono ukafa ganzi. Zinashuka tena.
Nikampelekea Kahindi wa duka la dawa. Akaniuliza nimeifanya nini. Nikasema sijaigusa. Akainusa. Akasema, ukwaju.
Kanieleza taratibu. Ule uzito si wa bure. Ni ulimbo, wao huuita polima: nyuzi ndefu ndefu zinazozizunguka chembe za dawa, zisishikane zikakua fuwele. Ukiuzimua, chembe zinakutana, zinakua, zinazama. Mtoto anakunywa ukwaju, dawa inabaki chini. Nikamwambia hayo nayajua, halua ikipungukiwa wanga hugeuka chenga za sukari. Akasema ndiyo hasa, sasa hii katupe. Kanipa chupa mpya.

Ijumaa, 12 Septemba
Siku mbili nimempa dawa nzito vile vile, nikimwimbia kasida yake. Kila kituo, anameza. Homa imeshuka. Leo kaanzisha mbele ya watu wote, sauti haikutetereka. Nimelia, leso imelowa. Rufaida akanong'ona kwamba nalia kana kwamba mtoto anaolewa. Mwanawe Umair alikuwa kalala tangu dua ya kwanza.

Jumamosi, 13 Septemba
Ile chupa ya kwanza sikuitupa. Kutupa dawa ni israfu, na maradhi hayapigi hodi. Kilichopungua ni wanga, na wanga ninao. Nimeimimina sufuriani, vijiko vitatu, moto mdogo, nakoroga upande mmoja kama bibi alivyonifunza. Rufaida kachungulia dirishani, akauliza halua ya nani. Nikamjibu, ya masikio.
Sasa mwiko umesimama peke yake. Chenga hata moja hakuna. Jumatatu nampelekea Kahindi, ajifunze.