Kamati ya Sukari na Panya Asiyeonekana

Umma ulitangaziwa, kwa karatasi yenye mihuri miwili, kwamba Kamati ya Kuchunguza Upungufu wa Sukari Ofisini imeundwa, na haitalala mpaka ukweli upatikane.

Mwenyekiti wake, mzee mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, aliikagua stoo mwenyewe, magoti chini. Gunia lilikuwa na tundu. Sukari imemwagika mstari hadi ukutani, na kando yake vinyesi vyeusi, vidogo kuliko punje ya mchele.

"Panya huyo, baba," alisema mama chai, ambaye kibarua chake ndicho kilichokuwa hatarini.

"Au wewe umejifanya panya," alijibu Mwenyekiti bila ubaya. "Tundu hukatwa kwa mkasi. Vinyesi huokotwa."

"Niokote vinyesi, mimi? Mtu mzima na wajukuu wangu?"

"Dalili zinakubali pande zote mbili, mama. Hapo ndipo utaalamu unapohitajika."

Utaalamu ukapigiwa simu. Mkurugenzi, ambaye ofisini alijulikana kwa koti lake tu, lililokaa kitini mwaka mzima, akatoa mwongozo: kisichoonekana kwa macho hakipo. Mama chai anaonekana, panya haonekani. Aondoke.

Mwenyekiti alifurahi, alipenda mambo yaliyonyooka. Akabandika mwongozo kila mlango, hadi getini. Mama chai akavua aproni, akaikunja vizuri, akaenda zake bila kuaga.

Wiki ileile Mkurugenzi akaja. Mlinzi akamsimamisha.

"Mimi ndiye Mkurugenzi!"

"Koti tunalijua, bosi. Mimi hapa naona mtu anatoka jasho. Mkurugenzi hajawahi kuonekana, kwa hiyo hayupo." Akaonyesha kwa rungu mwongozo uliobandikwa getini.

"Petroli ya ofisi inamalizwa na nani? Posho za safari anakula nani?"

"Hizo dalili tu. Hata koti lingeweza."

Mwenyekiti akaitwa. Akamkagua mgeni juu mpaka chini, kwa umakini uleule wa stoo.

"Nilikuwepo siku zote," alifoka Mkurugenzi, "hata kama hamkuniona!"

"Kama panya, mkuu?" aliuliza Mwenyekiti, kalamu tayari.

Jua lilikuwa kali, na geti limefungwa.

"Haya. Kama panya."

Ikaandikwa. Mama chai akarudishwa kwenye birika lake, na umma ukatangaziwa matokeo: ofisi ina panya, na ina Mkurugenzi. Wote wawili wametambuliwa kwa dalili moja, nayo ni vitu kupungua.