Vani Inayopumua

Corwin Beckley alikuwa na pua ya kunusa nyumba inayokaribia kuuzwa kabla hata dalali hajachomeka bango lake kwenye nyasi. Dalili ilikuwa moja tu: bibi mtu mzima juu ya ngazi, Jumamosi asubuhi, anasugua madirisha ambayo hakuwahi kuyagusa tangu aolewe.

Jumamosi hiyo, kusema kweli, hakupaswa kunusa chochote. Vani yake ilikuwa imejaa hadi paani mavuno ya kiangazi kizima: saa za ukutani, vijiko vya fedha, viti vya kubembea vilivyochongwa na babu za watu. Vyote alivitoa katika nyumba za Duluth kwa ulimi mtupu. Saa tisa alasiri alitakiwa awe Minneapolis kwa mnunuzi asiyeuliza maswali, na jioni hiyohiyo mnunuzi alikuwa anapanda ndege kuikimbia theluji, harudi mpaka Mei. Akimkosa, Corwin angelala ndani ya vani majira yote ya baridi. Lakini bibi mmoja alikuwa juu ya ngazi akisugua, na dirishani kwake palikuwa na bata wa mbao, bata wa bandia wa zamani wa kuvutia ndege mawindoni, wale ambao matajiri huwanunua kwa bei ya mashua. Akakanyaga breki.

"Habari za asubuhi, mama. Naona unauza."

"Nauza, mwanangu," akasema bibi, aliyeitwa Ardis Halvorsen. "Wanunuzi wanakuja Jumatatu, na dalali ananiambia nyumba imejaa mno. Miaka arobaini na sita na marehemu mume wangu, itakosaje kujaa?"

Corwin akaweka mkono kifuani. Alivaa kijivu kuanzia shingoni hadi viatuni, kama mtu aliyeachana na dunia kwa maelewano. "Mungu kanileta. Mimi ni mshauri wa kupunguza vitu. Hapa duniani namiliki vitu arobaini tu, na viwili ni soksi."

"Pea moja?"

"Nafua kila jioni."

Vya kwenye vani hakuvihesabu, kwa kuwa havikuwa vyake. Kwa hilo tumpe haki yake, hakusema uongo.

"Mnunuzi akiingia, mama, anataka kujiona yeye. Hataki kumwona marehemu mzee wako na bata wake. Nyumba inataka kupumua."

"Bata kawachonga babu yake mume wangu. Nina wengine kumi na wawili kule chini, wanakula vumbi."

Kumi na wawili! Corwin akameza mate na kuanza kazi papo hapo. Akakata maboksi, akaandika vibao vitatu kwa kalamu nene: WEKA, UZA, BURE. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama wa kadi ya harusi, na akauringia. Vya BURE, akaeleza, angevipeleka mwenyewe kwa maskini, bila malipo, maana moyo wake ndivyo ulivyo.

Akafungua milango ya vani atie boksi la kwanza la sahani. Ardis alisimama nyuma yake akijifuta mikono.

"Saa nzuri hiyo," akasema, akionyesha saa iliyochorwa ndege wa ziwani.

"Ya mjane mmoja. Inaenda kwa maskini."

"Maskini wa hapa wana bahati. Njoo unywe kahawa."

Sasa, katika jimbo hili la Minnesota, kahawa unaikataa mara mbili, ya tatu unaipokea. Ukiikataa ya tatu umetukana ukoo, na habari itafika kanisani kabla yako. Corwin alizaliwa hukohuko, hakuhitaji kufundishwa. Akanywa kikombe, akala vipande vitatu vya keki ya limau, kila kimoja baada ya kukataa mara mbili, na muda ukawa unakwenda.

Hatimaye Ardis akamteremsha hadi ghala la chini. "Wafunge mmojammoja kwa gazeti, na taratibu, shingo zao dhaifu. Mimi nafuata maziwa kwenye friji ya gereji."

Maziwa yakachelewa. Corwin akasikia simu ikipigwa juu, kisha milango ya magari nje, kisha watu wakisalimiana. Hakujali. Alikuwa na bata wa tisa mkononi na tabasamu hadi masikioni. Juu saa ikagonga saa sita kamili, akafurahi kwamba angewahi Minneapolis.

Halafu tabasamu likakatika. Nyumba hii haikuwa na saa ya kugonga. Aliikagua yote, ndiyo kazi yake.

Akapanda ngazi mbilimbili. Mezani jikoni palikaa ile saa ya ndege wa ziwani, na kando yake bibi mwenye koti la njano akila keki.

"Huyu ni wifi yangu Verna," akasema Ardis. "Agosti ulimsaidia kupumua."

"Bado nasubiri salamu za wale maskini," akasema Verna.

Corwin akatoka mbio. Milango ya vani ilikuwa wazi, na ubavuni kimebandikwa kibao chenye mwandiko wa harusi: BURE. Duluth, kilicho kando ya barabara na neno hilo ni cha anayetangulia, na anayekidai tena atachekwa hadi Krismasi. Verna na wenzake wa kanisani walitangulia, wakachukua vyao. Majirani wakamaliza vilivyobaki, pamoja na tairi la akiba. Mzee mmoja, kiti cha kubembea kichwani, akampungia mkono wa shukrani.

"Naita polisi," akasema Corwin.

"Ita, mwanangu," akasema Ardis kwa upole. "Uwatajie na wenye vitu."

Corwin akarudisha simu mfukoni. Ardis akanyoosha kiganja, naye akamrudishia bata wa tisa, ambaye hakujua kama bado alikuwa amemshika.

Bibi akachungulia ndani ya vani. "Ona sasa. Mtu akiingia humu anajiona."

Corwin naye akatazama, na kweli akajiona: amelala palepale sakafuni, Januari, na soksi zake mbili.

Akawasha gari akaondoka bila kuaga. Kibao alijaribu kukibandua kikagoma, Ardis si mtu wa kutumia gundi ya bei rahisi. Kwenye taa nyekundu ya kwanza kijana mmoja akamgongea kioo, akavua kofia, na kumuuliza kwa adabu zote za Minnesota kama ufunguo nao umo kwenye hiyo BURE.